Kima punju kwenye skrini ndogo: shajara ya mradi

Januari

Nimeanza. Nataka gemu ya kukimbia na kuruka ya mtindo wa kale, ile inayotazamwa ubavuni: mchezaji anatokea kushoto, njia inafunguka kulia, chini kuna mashimo na mbele kuna maadui wa kukanyaga vichwa. Itakuwa ya Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo. Watu niliowaambia wameniuliza kwa nini nisitengeneze ya simu, tena kwa programu za kisasa zinazokufanyia nusu ya kazi. Jibu langu ni la kivivu: faili la Game Boy linapokelewa kila mahali. Linacheza kwenye mashine yenyewe ya 1989. Linacheza pia kwenye vile vikonsoli vya mkononi vya siku hizi ambavyo ndani ni Linux na rundo la emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za kale, na kwenye simu yoyote ya Android. Ukiandikia kifaa kidogo kuliko vyote, wakubwa hawakukatai.

Ninachofufua ni mwendo wa Super Mario Bros., iliyotoka Japani Septemba 1985 kwa Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye televisheni. Wengi wetu tuliikuta miaka mingi baadaye kwenye TV game za kuiga, zenye kaseti inayodai gemu elfu na ushee huku nusu yake ni zilezile kwa majina mengine. Mashine ilikuwa feki lakini Mario alikuwa yuleyule, na kidole kilichozoea mruko wake hakisahau. Gemu nzima, steji 32, iliingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya harusi mnayotumiana WhatsApp inaizidi.

Nasema mwendo, sisemi michoro wala majina. Nintendo hawana masihara na mali yao. Mwaka 2019 mpenzi mmoja wa mashine za kale aliihamishia gemu hiyo kwenye kompyuta ya kale ya Commodore 64 baada ya kuisotea miaka saba, ikaondolewa mtandaoni baada ya siku chache tu. Nyuma zaidi, mwaka 1987, kampuni ya Kijerumani ya Rainbow Arts ilitoa The Great Giana Sisters, iliyomfuata Mario nyayo kwa nyayo, hasa mwanzoni mwa steji ya kwanza. Haikukaa madukani. Lakini Giana alirudi mwaka 2009, na mahali aliporudia ni Nintendo DS, mashine nyingine ya mkononi, ndani ya nyumba ya waliomfukuza. Waliomrudisha ni Spellbound, kampuni iliyoanzishwa na Armin Gessert, yuleyule aliyeandika programu ya gemu ya kwanza. Steji mpya, michoro mipya, mtindo uleule. Ufufuo wa namna hiyo naupenda kuliko kunakili.

Kwa hiyo shujaa wangu hana masharubu wala si fundi bomba. Ni kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, wa msitu wa Jozani, asiye na asili popote pengine. Anafaa kwa kila kitu. Anaishi kwa kuruka mti hadi mti, ana mkia mrefu unaonyesha mwendo vizuri hata kwa pikseli chache, na ana tabia moja ambayo kama ningeitunga mwenyewe mngesema nimezidisha: anakula mkaa. Majani ya mkungu na mwembe yana sumu za kumsumbua tumbo, na mkaa unazifyonza. Gemu za aina hii zote zina kitu unachokila ukapata nguvu. Changu ni kipande cha mkaa, na sina haja ya kukieleza kwa mtu yeyote wa Kusini Unguja.

Februari

Kabla ya kuchora chochote nimekaa na kikokotoo, kwa sababu tatizo kubwa la kuhamishia gemu hii mkononi ni kioo.

Famicom ilikuwa na picha ya pikseli 256 kwa 240. Game Boy ina 160 kwa 144. Ukihesabu kwa matofali ya pikseli 16, yale anayoyagonga Mario kwa kichwa, televisheni ilionyesha matofali 16 kwa 15 na Game Boy inaonyesha 10 kwa 9. Umebaki na zaidi kidogo ya theluthi ya dunia.

Sasa tia mwendo. Mario akikimbia kwa kasi yake yote huenda pikseli 2.5 kwa fremu, na fremu, yaani picha moja moja zinazochorwa kwenye kioo, ni 60 kwa sekunde. Kamera inamweka kama pikseli 112 kutoka ukingo wa kushoto, kwa hiyo mbele yake zimebaki 144. Gawanya: fremu 58 hivi. Yaani tangu shimo linapochungulia kulia mpaka linapofika miguuni una takriban sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo gemu yenyewe. Ndani yake unaona, unaamua, unabonyeza. Mchukue Mario huyohuyo kwa kasi hiyohiyo umweke katikati ya skrini ya Game Boy: mbele zimebaki pikseli 80, sawa na fremu 32. Nusu sekunde. Huchezi tena, unakariri.

Nintendo wenyewe wamelijibu swali hili kwa njia tatu, na nimezicheza zote upya kwa jicho la fundi.

Ya kwanza ni Super Mario Land ya 1989, iliyotengenezwa na kikosi cha Gunpei Yokoi, baba wa Game Boy. Walimpunguza kila mtu. Mario akawa kidudu, maadui wakawa vidudu, dunia ikaenea. Ukiitazama leo inachekesha, ila inachezeka, maana sekunde ya kuona mbele imebaki. Steji 12 tu, unaimaliza ukingoja chai ichemke.

Ya pili ni Super Mario Bros. Deluxe ya 1999 kwenye Game Boy Color. Hapa walifanya kinyume: michoro ni ya ukubwa uleule wa 1985, steji ni zilezile, ila dirisha limekatwa. Wakaongeza uwezo wa kusogeza macho juu na chini ili uone unakotaka kurukia. Nawaheshimu kwa uaminifu, lakini kila mara ninapoanguka kwenye shimo ambalo sikuliona najiuliza uaminifu huo unamsaidia nani.

Ya tatu ni New Super Mario Bros. ya 2006 kwenye DS, na wao walikuwa na bahati: skrini ya DS ina upana wa pikseli 256, sawasawa na Famicom. Urefu tu ndio uliopungua, 192. Kioo kikawarudishia sekunde yao bila jasho, wakabaki na nafasi ya kufikiria mambo mengine, kama kuruka kwa kusukuma ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1992 kwa Mario mpya kabisa wa kutazamwa ubavuni, na zilinunuliwa zaidi ya nakala milioni 30. Watu walikuwa na kiu.

Mimi sina DS. Nina pikseli 160. Uamuzi: kima atakuwa wa pikseli 16 kwa 16, asiwe kidudu, kwa sababu mkia lazima uonekane. Kasi ya juu inashuka hadi pikseli 1.75 kwa fremu. Na kamera haimweki katikati. Akielekea kulia anakaa pikseli 48 kutoka kushoto, zinabaki 112 mbele. Gawanya 112 kwa 1.75 upate 64. Sekunde imerudi, na nyongeza kidogo. Mengine yote kwenye mradi huu nimeyapanga nyuma ya hesabu hiyo. Likija wazo zuri linaloila sekunde, linatoka.

Machi

Mruko.

Naandika kwa lugha ya C, kwa GBDK-2020, zana za kuandikia programu za Game Boy, na prosesa ya Game Boy haijui namba za desimali. Kwa hiyo mahali alipo kima napahifadhi kwa sehemu za 16 za pikseli: 16 ni pikseli moja, 8 ni nusu. Kasi ya 1.75 inakuwa 28. Rahisi, na ndivyo walivyofanya watu wa 1985.

Siri ya mruko wa Mario si urefu wake. Ni kwamba uvutano ni wa aina mbili. Ukiwa umeshikilia kitufe na bado unapanda, unavutwa chini kidogo tu. Ukiachia, au ukianza kushuka, unavutwa kwa nguvu zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mguso mfupi unatoa kihopu na kushikilia kunatoa mruko mrefu, na ndiyo maana anaposhuka anashuka kama aliyekumbuka kitu. Mruko wa darasani wa fizikia, ule wa kupanda na kushuka sawasawa, ukiutia kwenye gemu unahisi unaendesha puto.

Kwa namba zangu: Mario akiruka amesimama huanza na 64, yaani pikseli 4 kwa fremu, na uvutano wa 2 akiwa ameshikilia. Anapanda pikseli 64, matofali manne. Kwenye skrini yenye matofali 9 tu ya urefu hiyo ni karibu nusu ya mbingu, kamera ingebidi imfuate juu na chini mpaka mchezaji apate kichefuchefu. Nimeshusha mwanzo hadi 56. Uvutano nimeuacha vilevile, 2 akishikilia na 7 akiachia. Kima anapanda pikseli 49, matofali matatu na pikseli moja ya msamaha. Pikseli hiyo moja ina kazi: bila yake mtu anagonga ukingo wa tofali la tatu kwa unyayo na anaapa kwamba alifika.

Nimeacha kamera isipande kabisa. Kila steji ina urefu wa skrini moja. Jozani ina miti mirefu, najua, lakini kima wangu ataonyeshwa kwenye tabaka moja la msitu kwa wakati mmoja.

Machi, mwishoni

Njia inasogea. Kwa wasiowahi kuingia humu: Game Boy haichori picha nzima kila fremu. Ina ramani ya vigae 32 kwa 32, kila kigae pikseli 8 kwa 8, na skrini ni dirisha la vigae 20 kwa 18 linaloteleza juu ya ramani hiyo. Kusogeza dunia ni kubadili namba moja kwenye rejista. Ramani imejikunja, ukifika mwisho wa kulia unatokea kushoto, kwa hiyo kazi yako ni kuwahi: kila dirisha likisogea pikseli 8, safu mpya ya vigae iwe imeshaandikwa upande usioonekana.

Kumbukumbu ya picha haiguswi wakati mashine inachora mstari. Upenyo mkubwa ni ule wa mwisho wa fremu, mistari 10 kati ya 154, kama milisekunde 1.1. Safu yangu ya vigae 18 inaingia humo na nafasi inabaki, mradi isukumwe mwanzoni kabisa mwa upenyo. Ikingoja katikati ya fremu GBDK inavizia vijinafasi baina ya mistari, na mwendo unaanza kusitasita.

Hapa nimepata zawadi ambayo sikuiomba. Super Mario Bros. haikuruhusu kurudi nyuma. Kilichopita kushoto kimekwenda. Kwenye televisheni ilivumilika. Kwenye skrini ndogo, mtu akipitwa na tunda kwa tofali moja na haliwezi kurudiwa, anakasirika kwa haki. Sasa ramani ina safu 32 na dirisha linatumia 20. Zimebaki 12 zilizofichika, na ukitenga mbili za maandalizi ya mbele, 10 za nyuma bado zimo ndani, hazijafutwa. Hiyo ni nusu skrini ya kurudi nyuma bila kuandika kigae hata kimoja. Nimeiacha iwe sheria ya gemu: unarudi nusu skrini, basi.

Steji zenyewe sizihifadhi kigae kwa kigae. Steji ya matofali 200 kwa 9 ingekula baiti 1,800, na nina kilobaiti 32 kwa kila kitu. Nafuata utaratibu wa 1985: kila kitu ni baiti mbili, ya kwanza inasema kipo wapi ndani ya ukurasa, ya pili inasema ni nini, na bendera ndogo inaonyesha kwamba ukurasa umegeuka. "Ardhi, shimo, mkungu wenye tawi fupi, gogo." Steji nzima inakaa chini ya baiti 250. Na ile hila mashuhuri ya mawingu ya Mario kuwa ni vichaka vyake vilivyopakwa rangi nyingine, nami nimeitumia: shada la majani ya mkungu juu ni lilelile la chini, limekatwa nusu na ardhi.

Aprili

Kaa.

Kuna steji ya mikoko, kwa hiyo kuna kaa, na kaa wameniletea somo la namba 10. Game Boy inaweza kuwa na spraiti, vile vijipicha vinavyosogea juu ya ramani, 40 kwa jumla lakini 10 tu kwenye mstari mmoja wa skrini. Ya 11 haichorwi, hakuna onyo, haipo tu. Kima wangu anatumia spraiti mbili za 8 kwa 16 kwa mwili na moja kwa mkia. Tatu. Kaa ni mpana, anatumia mbili. Kaa watatu wakipita kima akiwa chini, ni tisa. Kungu moja ya kuokota, lile tunda la mkungu, kumi. Kaa wa nne akiingia, yeye hayupo, na ukimgonga unakufa kwa kaa usiyemwona.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa: kila fremu unabadili mpangilio wa spraiti, ili leo akose huyu, fremu ijayo akose yule. Kila mmoja anapepesa lakini hakuna anayepotea. Kima namweka wa kwanza kwenye orodha daima, yeye hapepesi. Nimeijaribu kwenye kikonsoli changu kipya na inatia kizunguzungu. Kaa wanawaka na kuzima kama taa za disko. Nilitaka kuona ingekuwaje kwenye kioo cha wakati ule, na hapo ndipo nikalitoa kabatini lile Game Boy la kijivu ambalo ami yangu alilitoa Maskati miaka ya tisini.

Linawaka, lakini skrini ina mistari mitupu ya wima, kama sita hivi, iliyokufa kuanzia juu hadi chini. Nimelipeleka kwa fundi simu Darajani. Akaligeuza geuza.

"Bwana, hii redio ya aina gani?"

Nikamweleza. Akafungua, akaona ule utepe mwembamba chini ya kioo unaopeleka umeme kwenye mistari, akacheka: gundi imeachia kwa uzee, kalkuleta nyingi hufa hivyohivyo. Akaniambia niweke betri na niliwashe. Kisha akashika chuma cha kulehemu, ncha haina risasi, akaanza kukipitisha juu ya utepe polepole, kushoto kwenda kulia, kwa mkono mwepesi kama anayepiga pasi kitambaa cha hariri. Mstari wa kwanza ukarudi. Wa pili ukarudi, ukapotea, ukarudi tena alipokandamiza kidogo. Alipofika mwisho skrini ilikuwa nzima, na kijana aliyekuja kubadilisha kioo cha simu alikuwa amesahau alichojia. Fundi alikataa zaidi ya bei ya kikombe cha kahawa, eti kajifunza kitu.

Sasa matokeo. Kwenye kioo cha 1989 kaa hawapepesi. Kioo kile ni kizito, pikseli haizimiki papo hapo, kwa hiyo kaa anayechorwa fremu moja na kukosa inayofuata anaonekana kama kaa aliyefifia kidogo. Ubovu wa kioo ulikuwa sehemu ya dawa! Vioo vya sasa vinazima mara moja na vinaianika hila. Hili silioni likisemwa sana na wanaosifia vikonsoli vipya kwa ukali wa picha.

Nimeamua kwa ajili ya vioo vipya, kwa sababu ndivyo watu walivyo navyo: steji zinapangwa ili kaa wasizidi watatu kwenye usawa mmoja, na kupepesa kunabaki kama akiba tu. Lakini kioo cha zamani nacho kimedai haki yake. Kima akikimbia, mkia unaacha ukungu, na kungu nilizozichora kwa kijivu chepesi zinayeyuka kabisa. Kila kinachosogea sasa kina mpaka mweusi tii, na nyuma ya msitu nimeacha peupe. Ajabu ni kwamba hata kwenye kioo kipya inapendeza zaidi.

Mei

Wajaribuji. Watoto wa dada zangu wamekuja likizo, na hakuna mkaguzi mkali kuliko mtoto wa miaka tisa aliyeahidiwa aiskrimu.

Wa kwanza alicheza kwenye simu, vitufe vya kwenye kioo. Akaruka, akaanguka, akaruka, akaanguka, kisha akaninyooshea simu: "Mjomba, huyu kima hanisikii."

Nikakaa nyuma yake nikatazama kidole badala ya kima. Anabonyeza mapema. Kima bado yuko hewani, fremu tatu au nne kabla ya kugusa ardhi, programu inasema "huwezi kuruka ukiwa hewani" na amri inatupwa. Kwenye kitufe halisi mtu anahisi mpira ukirudi, kidole kinajua kimebonyeza lini. Kioo hakimwambii kitu. Dawa ni kuikumbuka amri: kitufe kikibonyezwa hewani, programu inakishika kwa fremu 6, na kima akitua ndani ya muda huo anaruka mwenyewe. Na upande wa pili, akiishatoka ukingoni mwa tawi, bado anaruhusiwa kuruka kwa fremu 5, kama vile tawi limerefuka kidogo. Mario wa 1985 hakuwa na huruma hiyo ya ukingo. Wapo wanaosema ni kumdekeza mchezaji. Mimi naona ni malipo ya haki: nimempunguzia kioo, nimempunguzia vitufe, nimlipe kwa fremu chache.

Alipojaribu toleo jipya hakusema neno. Alikwenda mpaka steji ya tatu.

Dada yake mdogo alichezea kikonsoli, na yeye swali lake lilikuwa kuhusu weusi wa pembezoni mwa picha. Kikonsoli kina pikseli 640 kwa 480. Ukiikuza picha ya Game Boy mara tatu unapata 480 kwa 432, kwa hiyo kunabaki 80 nyeusi kila upande na 24 juu na chini. Mara nne haiingii, 576 ni ndefu kuliko kioo. Emuleta inaweza kuinyoosha ijaze, lakini hapo pikseli nyingine zinakuwa nene na nyingine nyembamba, na msitu ukisogea unakuwa kama unaonekana kupitia maji. Nimemwambia aache mara tatu. Alipogeuka tu, akainyoosha. Anapenda kubwa. Sikumlaumu, ila kwenye maelezo ya gemu nitaandika "mara tatu" kwa herufi kubwa.

Jambo moja nimelitoa: kima wa awali alining'inia kwenye tawi akilishika kwa mkono mmoja. Ilikuwa nzuri, na punju kweli hana kidole gumba, ananing'inia kwa vidole vinne kama ndoano, nilikuwa nimeshamchorea. Lakini ilimsimamisha mchezaji katikati ya mbio, na watoto wote wakaanza kutembea badala ya kukimbia.

Juni

Muziki, kwa ufupi, kwa sababu si fani yangu. Game Boy ina njia nne za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe kwa vipimo 32, na moja ya kelele tupu. Natumia hUGETracker, programu ya kutungia muziki wa Game Boy. Nilitaka mdundo wa chakacha, na kelele tupu ikikatwa mapema inakuwa kayamba nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye lile wimbi la kuchora nilitafuta udi. Nimepata kitu kinachofanana na udi unaopigwa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, na nimeridhika nacho.

Julai

Toleo la majaribio limetoka kwa marafiki, faili moja la kilobaiti 32. Steji sita kati ya nane nilizozipanga. Ndani yamebaki baiti 2,900 na kidogo, ambazo zinatosha steji mbili na adui mmoja mkubwa kama sitaongeza vigae.

Mkaa sasa unafanya kazi inavyopasa. Majani mabichi ni chakula lakini kila ukila unapungua kasi kidogo, mpaka ule mkaa ndipo kasi irudi. Nilihofia kwamba kumpunguzia mtu kasi ni adhabu. Imekuwa kinyume: kima mzito anaona mbele zaidi, fremu 80 badala ya 64, na wachezaji waoga wanakula majani kwa makusudi wanapofika kwenye mashimo ya mikoko. Sikuwafundisha. Nimeongeza shimo moja kwenye steji ya tano linalovukika kwa kasi kamili tu, wachague wenyewe watabeba mkaa au la.

Yaliyobaki: steji ya saba haina mwisho, ya nane iko kwenye karatasi. Kwenye simu moja ya bei ndogo sauti inachelewa kidogo baada ya mruko, na emuleta ya mGBA kwenye kompyuta haionyeshi tatizo hilo, kwa hiyo nashuku ni simu. Nitaazima nyingine kabla ya kugusa msimbo. Adui mkubwa bado anabishaniwa. Wapwa zangu wanataka chatu. Mimi nataka tawi lililooza linalovunjika chini yako hatua kwa hatua, kwa sababu chatu mrefu anamaliza spraiti zote za mstari na yeye mwenyewe anabaki bila mkia. Nitajaribu kumchora chatu kama vigae vya nyuma badala ya spraiti, nione kama atasogea bila kuvuta msitu mzima pamoja naye.